Wikiendi ya Mkulima wa Korosho Jijini: Nani Ana Haki ya Kumhoji?

Kila mwaka minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, na malipo ya kwanza yakaanza kuingia katika akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi mkoani Mtwara, hufunguliwa pia msimu wa mawaidha. Viongozi husimama majukwaani kuwaasa wakulima wasizifuate starehe za Dar es Salaam, wajenge nyumba bora, wanunue bati, wakumbuke ada za watoto. Husimuliwa tena kisa cha yule bwana aliyemnywesha mbuzi wake bia kwa sababu pesa zilimzidi akili, kisa ambacho kila wilaya inadai kilitokea wilaya jirani. Mkulima anayepanda basi baada ya malipo, akakaa jijini Jumamosi na Jumapili, akala, akanywa, akacheza muziki mpaka alfajiri, kisha akarudi kwenye mikorosho yake, amekuwa mfano wa kudumu wa kila kinachosemwa kuwa kibaya katika matumizi ya fedha vijijini.

Mimi naona lawama hizo zimekosea mlango. Siku mbili za starehe si tundu ambalo kipato cha mkulima huyo kinavujia, na wanaopaza sauti zaidi dhidi yake ndio wenye haki ndogo zaidi ya kumhoji. Yupo anayestahili kumhoji, tena kwa ukali, lakini huyo kwa kawaida hapewi kipaza sauti.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaolaumu mara nyingi huifahamu korosho ikiwa imeshakaangwa. Shamba husafishwa mvua zinapopungua. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua huja vita dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia machipukizi na maua, na silaha ni salfa. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo ukiwa umetulia, kwa mashine nzito ya kubeba mgongoni inayonguruma sikioni. Ikifika saa tatu upepo huanza kuirudisha salfa usoni kwa mpulizaji, na macho huwasha siku nzima. Zoezi hilo hurudiwa mara kadhaa. Kisha huja miezi ya kuinama, kwa sababu korosho huokotwa chini moja moja pamoja na bibo lake, yaani tunda lake la maji, hunyongolewa kutoka kwenye bibo, huanikwa, huchambuliwa na kutiwa gunia, na gunia husafiri kwa baiskeli au pikipiki hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya taabu, mtu huyo huyo anaweza kurudi nyumbani jioni akakuta suala la maji ya kuoga nalo ni hesabu. Kalenda hiyo haina Ijumaa jioni. Jumamosi ya mapumziko ni zao la ajira ya mshahara, na mkulima hana mwajiri wa kumwambia kwamba wiki imekwisha.

Ndiyo maana mapumziko yake huja kwa mkupuo, kama pesa yake inavyokuja kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa kubuni wa karani anayeishi Sinza, ambaye kila Jumamosi hutumia shilingi 40,000 kwa nyama choma, vinywaji na bajaji ya kurudi nyumbani. Kwa mwaka karani huyo ametumia zaidi ya milioni 2, na hakuna mkuu wa wilaya atakayemkemea, kwa kuwa ulaji wake wa bata umekatwakatwa vipande vidogo visivyoonekana. Mkulima anayetumia 300,000 mara moja kwa mwaka, nauli na gesti zikiwemo, ndiye anayeonekana mfujaji. Tofauti yao haimo katika kiasi, imo katika jinsi macho yetu yanavyopima.

Safari yenyewe, kwa jinsi tunavyoiona leo, ni jambo la juzi. Kutoka Newala hadi Mbagala, upande wa kusini wa Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 600, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, ambapo wakati wa masika magari yaliweza kukaa kwenye foleni au kwenye tope kwa siku kadhaa. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami. Mtu wa kusini aliyekwenda Dar es Salaam enzi hizo alikwenda kukaa miezi, au kuhamia kabisa. Hakukuwa na kitu kinachoitwa kwenda Dar wikiendi. Lami na daraja ndivyo vilivyomwezesha mkulima kuonja jiji bila kulihamia. Mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, safari ilizidi kuwa rahisi: unapanda Ijumaa jioni, unaamkia jijini. Wanaodhani kwamba starehe za mjini zinawaondoa watu vijijini wangeitazama barabara hii kwa makini zaidi, kwa sababu kwa wengi imefanya kinyume chake. Anayeweza kwenda na kurudi hana haja ya kuhama.

Na mara nyingi haendi Masaki wala ufukweni. Mabasi ya kusini yana kituo Mbagala, na Mbagala na Temeke zimejaa watu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kuna shangazi wa kumpokea, kuna mtoto wa mjomba mwenye bodaboda anayevijua viwanja vyote. Usiku unaanza na chipsi na mishikaki kando ya barabara, unaingia katika baa yenye viti vya plastiki na spika kubwa kuliko inavyohitajika, na ukifika saa saba za usiku singeli inapigwa kwa kasi ambayo mtu wa makamo hawezi kuifuata kwa miguu, anaishia kuipigia makofi. Wenye umri mkubwa zaidi hupendelea Jumapili jioni, wakaenda kuisikiliza bendi ya dansi, ambapo mtu anaweza kucheza taratibu akiwa na suruali aliyoipiga pasi na asichekwe.

Kuna tabia moja ya wateja hawa ambayo wahudumu wa baa wanaifahamu. Katika baa nyingi chupa tupu huachwa mezani ili bili ihesabike mbele ya macho ya mteja, lakini mkulima wa korosho hatosheki na hilo. Kila chupa inapofunguliwa hukiomba kizibo akakitia mfukoni. Bili inapoletwa hutoa vizibo, akavipanga juu ya meza, akahesabu. Wenyeji hucheka na kusema jamaa kaja kutoka shamba. Mimi nikiona hivyo naona mtu ambaye mwaka mzima amepimiwa na wengine: mzani wa ghala si wake, daraja la korosho yake hupangwa na mwingine, na baadaye huambiwa kwamba kilo kadhaa zimepotea kwa unyaufu alipokuwa hayupo. Akifika mahali ambapo hesabu inaweza kukaa mfukoni mwake, haiachi.

Basi anakwenda kununua nini huko? Wanaosema anafuata ulevi hawajui kusini. Katika miezi ile ile ya mavuno mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na kutokana nayo watu hupika uraka, kileo ambacho hupatikana uani kwa jirani kwa bei ndogo sana. Kama haja ingekuwa ni kulewa tu, mtu asingesafiri usiku kucha akikunja magoti. Kitu cha kwanza anachonunua ni kutojulikana. Kijijini kila shilingi ina mashahidi: ukinywa bia mbili mbele za watu, kesho asubuhi yupo mtu mlangoni anayekumbusha deni la mwaka juzi, na nyuma yake yupo mpwa mwenye shida ya kweli. Wajibu huo kwa ndugu ni jambo jema na ndio unaowavusha watu katika miaka ya njaa, lakini hauna likizo, na aliyeubeba miezi kumi na miwili hawezi kulaumiwa kwa kuutua kwa siku mbili mahali ambapo hakuna anayemjua kwa jina la baba yake.

Kitu cha pili ni kuulizwa anataka nini. Mkulima ni mtu wa kusubiri. Humsubiri bwana shamba, humsubiri karani wa chama, husubiri mnada, husubiri benki ifungue dirisha, na kote huko yeye ndiye anayeomba. Katika meza ya baa, kwa usiku mmoja, mpangilio hugeuka. Mhudumu anainama na kumuuliza kama bia iwe ya baridi au ya moto. Naweza kuambiwa kwamba heshima hiyo ni ya kununuliwa. Ni kweli, na inayotolewa na mabenki kwa wateja wao wakubwa ni ya kununuliwa pia.

Mashaka ya watawala juu ya mtu wa shamba anayefurahi mjini ni ya zamani kuliko zao la korosho lenyewe lilivyo leo. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamini kwamba mahali pa Mwafrika ni kijijini, na aliyeonekana Dar es Salaam bila kazi ya kueleweka aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Baada ya Uhuru sababu zilibadilika, lakini msamiati wa mhuni na mzururaji ulibaki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza waziwazi kwamba nguvu za mamilioni ya wanaume wa vijijini na maelfu ya wanawake wa mijini zilikuwa zikipotea katika porojo, ngoma na ulevi. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, na watu wa jijini wasio na vitambulisho vya kazi wakakamatwa na kusombwa kupelekwa vijijini na mashambani. Cha kuchekesha, ikiwa kuna cha kuchekesha, ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya 1980 shirika la maendeleo la jiji, DDC, lilikuwa na kumbi za starehe na bendi yake ya dansi. Starehe haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ni nani anaonekana akistarehe.

Lakini Azimio lile lile lina kifungu kingine ambacho hakinukuliwi majukwaani msimu wa korosho unapofika. Lilionya kwamba mikopo ya nje hutumika zaidi mijini, ilhali fedha za kigeni za kuilipa hutokana na mazao ya wakulima. Kwamba hospitali kubwa na barabara za lami zinawanufaisha watu wa mijini, na kwamba tusipoangalia, unyonyaji wa kweli katika Tanzania utakuwa ni wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima. Ukikisoma kifungu hicho leo, yule mtu wa Newala aliyesimama chini ya taa za Mbagala saa nane za usiku anaonekana kwa sura tofauti. Jiji lile kwa sehemu amelilipia yeye na baba yake.

Tuje sasa kwenye fedha zinazopotea kweli, kwa kuwa hapa ndipo mawaidha yanapokuwa na upofu. Mkulima anayeishiwa mwezi Julai au Agosti, mtoto akiwa mgonjwa au salfa ikiwa pungufu, humwendea mnunuzi wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, na kuuza korosho ambazo bado ni maua. Tuseme kilo 300 zimeuzwa kwa shilingi 1,000, na mnadani miezi mitatu baadaye kilo inafika 3,300. Mkulima huyo amepoteza 690,000, yaani wikiendi mbili za Dar es Salaam na chenji, na hakupata hata wimbo mmoja. Kangomba imepigwa marufuku mara nyingi, na imerudi mara nyingi, kwa sababu amri ya kuikataza haimpi mtu pesa za mwezi Agosti.

Halafu kuna bei yenyewe. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na bei hupanda na kushuka kwa sababu zisizomhusu mtu wa Tandahimba. Katika msimu wa 2017/18 bei ilifika takriban shilingi 4,000 kwa kilo. Miaka michache baadaye ilizunguka karibu na 2,000. Oktoba 2024 ikapita tena 4,000. Kwa mwenye tani moja tu, tofauti kati ya mwaka mzuri na mwaka mbaya ni shilingi milioni 2, na jambo hilo hulikuta likiwa limeshaamuliwa. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei za wanunuzi, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa 3,300, jeshi likasomba mzigo kwa malori. Bei ilikuwa nzuri. Malipo, hata hivyo, yalichelewa kwa wengi hadi mwaka uliofuata, huku uhakiki wa nani ni mkulima na nani ni kangomba ukiendelea. Watu walioukopea msimu ule walilipa riba ya kusubiri. Ukiyaweka hayo yote upande mmoja, pamoja na makato ya chama, ya chama kikuu, ya ghala na ya usafirishaji, halafu upande wa pili ukaweka bili ya baa, utashangaa kwa nini hotuba zinahusu bia.

Sisemi kwamba 300,000 ni pesa ndogo. Kwa mwenye tani moja, bei ikiwa 3,300, ni karibu asilimia 9 ya mapato yake kabla hajalipa deni lolote, na mwaka wa bei ya 2,000 ni asilimia 15. Wapo pia wasioishia wikiendi moja. Hukaa wiki tatu, hurudi kwa nauli ya kukopa, na hao hawana utetezi wangu. Lakini hata kwa yule mwenye kiasi swali linabaki, na swali hilo ni la mke wake.

Azimio lililowakemea wanaume wa vijijini lilisema pia kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, huku wanaume wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Katika korosho, mgongo unaoinama kuokota kwa kiasi kikubwa ni mgongo wa mwanamke, na watoto wakitoka shule. Ghalani, hata hivyo, gunia huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na malipo hufuata jina. Kusini kuna malalamiko yanayofahamika kwamba msimu wa malipo ni msimu wa talaka na wa wake wapya. Na hata ndoa ikisalimika, mke huipata habari ya fedha baada ya mume kuwa amekwishakata tiketi. Hapo starehe inageuka kuwa jambo jingine. Mtu anatumia likizo ya watu wawili peke yake.

Wanawake wenye mikorosho yao wenyewe wapo, na si wachache, kwa kuwa kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao urithi kwa upande wa mama ni desturi ya kale. Nao huenda Dar es Salaam. Ila sijamsikia hata mmoja akisema anakwenda kustarehe. Huwa anakwenda kwenye harusi, kwenye arobaini, kumwona mgonjwa au kumpeleka mjukuu. Na akishafika, taarabu ikipigwa kwenye kitchen party ya mtoto wa dada, hucheza hadi nywele zikalowa. Mwanamume anahitaji pesa tu ili aende. Mwanamke anahitaji pesa na sababu. Mpaka sasa hakuna kiongozi niliyemsikia akikemea jambo hilo katika hotuba ya kufungua msimu.

Kwa hiyo ningependa wanaotunga mawaidha ya Oktoba ijayo waache kuhesabu chupa za Mbagala na wageukie daftari la chama cha msingi. Mume na mke walioshughulikia shamba moja wanaweza kuandikishwa wote wawili, mzigo ukagawanywa ghalani, na malipo ya kila mnada yakaingia katika akaunti mbili. Kazi hiyo inahitaji karani, kalamu na utashi wa mkutano mkuu wa wanachama. Haihitaji sheria mpya wala kampeni ya kitaifa. Baada ya hapo bwana akitaka kupanda basi la Ijumaa na apande kwa fungu lake, na bibi naye akitaka kupanda basi lile lile asilazimike kumtafuta mgonjwa wa kumsingizia.